Mgongo Nilioukataa

Mwanamume wa kwanza wa kisiwa cha Ndau kunipa mgongo wake niushike alikuwa mkataji boriti wa miaka kama arubaini, na hakunipa kwa hiari. Mkewe ndiye aliyemleta. Nilimpima juu ya fulana, mlango ukiwa wazi, mkewe amekaa kwenye jamvi karibu na miguu yangu, na barazani kukiwa na wanaume saba au wanane waliokuja kuhakikisha kama ni kweli mwanamke anaweza kuualisha mgongo wa mtu mume mpaka ulie.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata mama yangu ilimchukua miaka kuielewa. Mimi ni tabibu wa uti wa mgongo. Sitoi dawa wala sipasui. Natumia mikono. Napapasa pingili moja moja, natafuta ile iliyokaza, kisha naisukuma kwa ghafla na kwa kipimo, na mara nyingi hulia, ka, kama kidole kinapoalishwa. Kwenye kibao cha mlango wangu mjini Lamu nimeandika "Kairopraktiki". Hakuna anayelisoma neno hilo mpaka mwisho. Watu husema tu, "Nenda kwa yule Bi wa migongo."

Nilizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, nyumba ya pili kutoka kwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Yeye ndiye aliyekuwa muunga mifupa wa upande wetu. Mtu akianguka mnazini, akiteguka bega, akivunjika mkono, huletwa kwake. Nilipokuwa mdogo nilimshikia bakuli la mafuta ya simsim akifanya kazi, na nikaijua mifupa kabla sijajua kusoma. Kwa kuangalia tu niliweza kusema bega lipi limetoka na lipi limevimba. Lakini ulipofika wakati wa kufundisha, aliwaita wanawe wawili wa kiume, mimi akaniambia niweke bakuli chini niende kwa mama. Nilimuuliza kwa nini. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeeleza jambo lisilo na ubishi:

"Mkono wa mtu mke ni wa kukanda, mwanangu. Kuunga kwataka nguvu."

Na ni kweli wanawake walikanda. Nyanya yangu aliwakanda waliojifungua, siku arubaini kila mmoja, na viuno vilivyokuwa vimelegea vikarudi mahali pake. Hakuna aliyemwita tabibu. Wale wanawe mjomba hawakuishika kazi. Mmoja yuko bandarini Mombasa, mwingine anauza simu. Mimi nikapata ufadhili, nikaenda kusoma Afrika Kusini.

Huko nilifundishwa na mama mmoja mzee, mfupi kuliko mimi. Alitusimulia kwamba alipoanza, wagonjwa wakiingia walimdhania ndiye anayeandika majina mezani, na wenye kituo cha matibabu wakampa wanawake na watoto tu. Migongo ya wanaume ilikwenda kwa wenzake. Alisubiri miaka. Darasani kwetu wanawake tulikuwa wengi, hakuna aliyetushangaa, lakini wakati wa mazoezi walimu wengine bado waliwaita wavulana kila alipolazwa mtu mzito. Yule mama hakukubali. Siku moja alimlaza mwanafunzi mnene kama pipa, akaniita mimi mbele ya wote. Niliposita aliniambia, "Unatafuta nguvu ya nini? Tafuta pembe ya kusukumia, na uwe mwepesi." Nikasukuma. Pingili ikalia mpaka walio nyuma wakasikia. Sijawahi kuisahau raha ya ule mlio. Nasema hivi kwa sababu raha hiyo nusura inipoteze.

Nilirudi Lamu nikapanga chumba cha chini katika nyumba ya mawe, nikanunua kitanda cha kazi, nikatundika kibao. Miaka ya mwanzo walikuja wanawake peke yao. Wanaume waliwaleta wake zao, wakangoja nje, mikono imeshika viuno vyao wenyewe vinavyouma. Mmoja alijasiri kuingia, akaniona, akaniuliza:

"Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi."

"La, Bi. Nauliza daktari mwenyewe."

Nikamwambia tena. Akatabasamu kwa adabu, akasema atarudi mwenyewe akiwepo.

Si ujinga tu uliowazuia. Kulikuwa na suala la dini, na mimi pia ni Mwislamu, nililijali. Mwanamume ajinabi si maharimu wangu. Nilikwenda kumuuliza shehe mmoja mtulivu, akaniambia tiba ni haja, na haja ina mipaka yake: mlango uwe wazi, awepo mtu wa tatu, niguse panapohitajika tu. Nikazishika hizo shuruti. Waliotaka kunung'unika waliendelea kunung'unika.

Wanawake wa Ndau ndio walioniita nifike kwao mara moja kwa mwezi. Kule kila kitu huja kwa chombo, hata maumivu ya mgongo huchangiwa na chombo, kwa kupakia na kupakua. Nikapewa chumba katika nyumba ya mjane mmoja. Mwezi wa tatu wa kwenda kwangu ndipo akaletwa yule mkataji boriti.

Alikuwa mtu mrefu, mcheshi. Aliwarushia maneno wenzake wa barazani hata akiwa amelala kifudifudi. "Akinivunja, boriti zangu mgawane!" Wakacheka. Mkewe hakucheka. Nilimuuliza maumivu yalianza lini, akasema miezi mitano, ni mzigo tu, nani akate mikoko miaka ishirini asiumwe mgongo? Nikauliza, ukipumzika yapungua? Akasema hapana. Mkewe akadakia kwa sauti ya chini:

"Jioni hupata homa, na usiku hutoka jasho, Bi daktari. Shuka hukamulika."

"Ni joto," alisema mumewe.

"Mimi nalala hapo hapo sitoki jasho."

Nikatazama kiuno chake. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba, imekunjana mikunjo kama mdomo wa gunia. Alikuwa amekonda. Nikaanza kushuka na vidole, pingili baada ya pingili, nikigonga taratibu. Nilipofika katikati, chini kidogo ya mabega, alikata maneno. Hakupiga ukelele. Alivuta pumzi akaishika, na kucha zake zikaingia kwenye godoro. Pale palikuwa na kitu kimetokeza, kidogo, kama fundo la kidole chini ya ngozi.

Wakati huo sauti ikatoka barazani: "Mbona hatusikii mlio?"

Mwingine akajibu: "Ngoja avute pumzi, mwanamke huyo!"

Nitasema kweli. Mikono yangu ilikuwa tayari mahali pake. Kulikuwa na pingili nyingine, chini kule kiunoni, ambazo zingelia kwa urahisi. Mlio mmoja ungetosha. Wale wanaume wangeusikia, wangekwenda kuhadithia msikitini na pwani, na mwezi ujao ningepata wanaume kumi. Niliwaza hivyo nikiwa nimesimama juu ya mgongo wa mtu mgonjwa. Niliwaza pia kwamba kiunoni ni mbali na pale palipotokeza, huenda asidhurike. Sijui ni muda gani. Kisha nikakumbuka nilivyofundishwa: maumivu yasiyopumzika, jasho la usiku, kukonda, homa za jioni, mfupa mmoja unaouma ukigongwa. Mgongo wa namna hiyo hausukumwi popote. Ndani yake huenda mfupa unaoza, na ukiusukuma unaweza kuuangusha juu ya mshipa wa fahamu.

Nikaondoa mikono.

"Huu siufanyi," nilisema. "Aende hospitali akapigwe picha."

Nilisema kwa sauti ndogo. Nakumbuka hilo kuliko yote. Nilimwambia mkewe zaidi kuliko yeye, nikiwa nimeinamisha uso, natafuta kalamu. Barazani wakasikia vya kutosha.

"Si niliwaambia? Hana nguvu!"

Wakacheka, na yeye mgonjwa akacheka nao, akiinuka kwa kujishikilia ukutani. Nikaandika barua nusu ukurasa, nikampa mkewe, nikamwambia asiicheleweshe. Akaikunja akaitia ndani ya leso. Nikaingia chomboni kurudi Lamu, na njia nzima nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa hofu juu ya yule mtu. Kilikuwa kicheko chao. Nilijiambia kazi yangu nimeifanya, barua nimeandika.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, nikiwa na wanawake wanne kwenye benchi, simu ililia. Alikuwa mkewe.

"Bi daktari, miguu haimtii."

"Haimtii vipi?"

"Tangu juzi. Akisimama magoti yajikunja. Jana ameanguka mara mbili." Akapunguza sauti. "Na wanaume wamempigia mjomba wako. Anakuja yeo. Adhuhuri ataswali hapa, kisha amvute."

Nilijua kuvuta kwa mjomba. Watu wawili hushika makwapa, wawili vifundo vya miguu, naye huweka goti au kiganja palipotokeza na kubonyeza kwa uzito wake wote. Kwa bega lililoteguka hakuna mfano wake. Kwa mgongo ule, ingekuwa ndiyo mara ya mwisho yule mtu kuihisi miguu yake.

"Barua yangu mlikwenda nayo?"

"Alisema ataenda baada ya kupakia chombo. Kisha akasema wewe mwenyewe ulishindwa, hospitali watamwonea nini."

Nikampigia mjomba. Alipokea, nikasikia injini nyuma yake.

"Mjomba, usimguse yule mtu, nakuomba. Mgongo wake una maradhi, haukuteguka."

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, shikamoo. Mjomba, nisikilize..."

"Umemshindwa. Si aibu. Mimi pia hushindwa. Niachie mimi."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana.

Niliwaomba radhi wale wanawake wanne. Mmoja alikuwa ametoka Matondoni na mgongo umepinda, akaniambia, "Enda, mwanangu, mimi mgongo wangu haufi." Nikakodi boti ya injini gatini. Maji yalikuwa yanatoka, bahari yakupwa. Nahodha alinionya kwamba tukichelewa mkondo utakuwa kina cha magoti na itabidi tuzunguke kwa nje, na nje kulikuwa na mawimbi. Tulipita mkondoni injini ikikwaruza mchanga. Mara mbili aliizima, akashuka, akasukuma. Nilishuka nikasukuma naye, buibui limelowa mpaka kiunoni. Kila nilipotazama saa niliona adhuhuri imesogea. Tulipoiacha Pate nyuma yetu nilisikia, au nilidhani nasikia, adhana ya mahali fulani, na nikaanza kusoma kila dua niliyoijua.

Ndau niliposhuka nilikwenda mbio, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu halifanyi kwenye mji wa watu. Nyumba ilikuwa na viatu vya wanaume mpaka njiani. Ndani, kitanda cha kamba kilikuwa kimewekwa katikati ya ukumbi, mgonjwa amelazwa kifudifudi, mgongo wazi. Wanaume wanne walikuwa wameshashika mahali pao, wawili kichwani, wawili miguuni. Mjomba alikuwa amesimama ubavuni, mikono inang'aa mafuta, ananong'ona bismillahi.

"Simama!" nilisema.

Wote waligeuka. Mmoja wa wale wa barazani, yule aliyeuliza mlio, akanijia na kiganja mbele.

"Bi, hapa pana wanaume. Zamu yako ilipita."

Mke wa mgonjwa alikuwa mlangoni pa chumba cha ndani. Alinitazama tu. Ile barua ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa vile vile alivyoikunja siku ile.

Nadhani ni ile barua iliyonipa sauti. Nilisema kwa sauti ambayo nyumba ya jirani ilisikia:

"Mkimvuta mtu huyu, hatasimama tena maisha yake. Nasema mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu, ili kesho asiwepo wa kusema hakuambiwa."

Mgonjwa akageuza uso wake kunitazama. Mjomba hakugeuka upesi. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira, na aliongea polepole.

"Wanifundisha kazi mbele za watu?"

"Sikufundishi, mjomba."

"Nimeunga mifupa kabla mamako hajaolewa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekushikia bakuli." Maji yalikuwa yananitiririka miguuni. "Nakuomba kitu kimoja. Weka kidole pale palipotokeza. Usibonyeze. Kidole kimoja tu. Kisha ukiona ni sawa, vuta, nami nitatoka."

Yule wa kiganja akasema, "Usimsikize, sheikh."

Mjomba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Akainama, akaweka kidole cha shahada kwenye ule mgongo. Mgonjwa akavuta pumzi akaishika, kama alivyofanya kwangu. Mjomba akaondoa kidole, akaweka pingili ya juu yake, akarudi, akaweka ya chini. Akabaki hapo. Mafuta yalikuwa yakidondoka kutoka kiganjani mwake juu ya mkeka, tone baada ya tone. Kisha akaushusha uso wake karibu na sikio la mgonjwa, akamuuliza kitu ambacho sikukitarajia:

"Mai yatoka? Ukenda haja ndogo?"

Yule mtu mcheshi alifumba macho. "Tangu jana kwa shida."

Mjomba alisimama wima. Akachukua kitambaa begani, akafuta mafuta kidole kimoja kimoja, taratibu mno, mpaka nikadhani anatafuta la kusema. Na kweli alikuwa anatafuta. Aliwageukia wale wanne akasema:

"Yeo siku si njema. Mfupa hauguswi siku kama hii. Mpelekeni Lamu, hospitali, sasa hivi."

"Siku si njema vipi, sheikh? Ulisema..."

"Nimesema hauguswi!"

Hakunitazama. Alivaa viatu vyake, akatoka.

Sikuwa na wakati wa kuumia. Niliwaambia wale wanaume wang'oe mlango wa chumba cha ndani, maana ulikuwa mbao pana, imara. Niliwaonyesha namna ya kumgeuza mtu mzima kama gogo, bila kuupinda mgongo, wote kwa hesabu moja. Nilihesabu mimi, wakainua. Waliokuwa wakinicheka wiki tatu nyuma walikuwa wanasubiri moja, mbili, tatu yangu, na katika dhiki ile sikuligundua hilo, nililikumbuka baadaye. Tulimfunga juu ya mlango kwa leso nne za mkewe, tukamtia botini. Maji yalikuwa yameshatoka, tukazunguka kwa nje. Kila wimbi lilipotupiga nililala juu ya miguu yake nimzuie asisogee, nami niliuliza kila baada ya muda: "Wanihisi? Hapa wahisi?" Mguu wa kushoto alihisi. Wa kulia alisema ndiyo, kisha akasema labda, kisha akanyamaza.

Picha ilionyesha pingili mbili zimeliwa. Siku ya pili alipelekwa Mombasa, akapasuliwa, usaha ukatolewa. Ilikuwa TB, ile ya kifua, lakini ilikuwa imeingia mgongoni bila kumkohoza hata mara moja. Alianza vidonge vya miezi mingi. Mkewe alinipigia kuniambia kwamba amejigeuza mwenyewe kitandani, akalia kwenye simu, nami nikalia upande wangu.

Habari ilienea visiwani, lakini si kama ilivyotokea. Niliisikia kutoka kwa mgonjwa wangu mwenyewe, mama wa mtaa wa Mkomani aliyekuwa amelala kifudifudi nikimshughulikia shingo.

"Mjomba wako ana jicho!" alisema. "Wasema alimwekea mtu kidole kimoja tu, akajua ni maradhi ya hospitali. Na wewe ulikuwa umemwona mwanzo, hukumjua!"

Mikono yangu ilisimama. Nilimaliza kazi yake, nikamuaga, nikafunga mlango mapema. Juma lile lile nilikwenda Mbwajumali.

Nilimkuta mjomba uani, anapiga pasi kanzu yake mwenyewe kwa pasi ya makaa. Mkewe alikuwa ameshafariki, naye mjomba hakupenda mtu mwingine azipige pasi kanzu zake. Nilimsalimu, nikabusu mkono, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yenye heshima. Yakatoka mengine.

"Umewaacha watu waseme sikujua."

Aliendelea kupiga pasi.

"Mjomba, unajua mimi ndiye niliyejua."

"Najua."

"Kwa nini ukasema siku si njema? Ungesema, binti huyu ameona sawa. Maneno manne tu."

Akaisimamisha pasi. "Ningesema hivyo, wangenisikiza? Wale walikuwa tayari kumvuta wenyewe. Nilisema walilolijua, wakaniitikia."

"Hiyo ni siku ile. Na siku zilizofuata?"

Akakaa kwenye kigoda. Kisha akaanza kunisimulia jambo ambalo, alisema, hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, kabla sijazaliwa, aliletewa mwanamke mmoja aliyeumwa mgongo vile vile. Palitokeza vile vile. Alimvuta, naye alipomaliza yule mwanamke akasema, "Miguu yangu imekwenda wapi?" Hakutembea tena. Aliishi miaka sita.

"Nikasema ni kadari," mjomba alisema. "Watu wakasema ni kadari. Mumewe akaniletea ndizi, kunishukuru kwa kujaribu." Akavifuta vidole vyake kwenye goti ijapokuwa havikuwa na kitu. "Nilipoweka kidole Ndau, nilimgusa yule mwanamke. Ni mfupa ule ule. Ungechelewa kidogo tu..."

Hakumaliza. Sikumsaidia kumaliza. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, nasema kweli, haikuondoka kwa sababu ya majuto ya mzee. Lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

Baada ya muda akauliza, "Ulijuaje? Siku ya kwanza, kabla miguu haijalegea."

Nikamwambia. Jasho la usiku. Kukonda. Maumivu yasiyojali kupumzika. Homa za jioni. Mfupa mmoja unaouma ukigongwa. Akanitaka nirudie, polepole, naye akawa anayataja nyuma yangu, akikunja kidole kwa kila moja. Aliposahau homa za jioni alikasirika na nafsi yake, akaanza upya. Tulikaa hivyo mpaka alasiri, mjomba wangu na mimi, nikimuuliza na akijibu, kanzu imebaki nusu ina mikunjo.

Tangu hapo ameniletea watu kumi na zaidi, wanaume wengi wao. Wakifika wananiambia, "Mjomba wako amesema tukuone wewe, huu si wake." Barazani kwao bado hajasema ya Ndau. Nimeacha kungoja.

Yule mkataji boriti alikuja Lamu karibu mwaka baadaye, kuchukua vidonge vyake vya mwisho hospitali. Aliingia chumbani kwangu na mkongojo, mkewe nyuma yake. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia aliuburuta, kidole gumba kikichora mstari sakafuni. Aliuliza kama mikono yangu inaweza kuufanya mguu ule uinuke.

Nilimpima kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia, na sikusema kwa sauti ndogo: "Mazoezi nitakupa, na bega lako linaloumia kwa mkongojo nitalitengeneza. Mguu huu huenda ukabaki hivyo."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "ulikuwa ushajua?"

"Nilishuku sana."

"Mbona hukunipigia kelele kama ulivyowapigia siku ya pili?"

Mkewe aliangalia pembeni. Ningeweza kumwambia barua niliandika, na ni kweli niliandika.

"Niliona haya," nilisema. "Walikuwa wakinicheka."

Akausugua mpini wa mkongojo kwa kiganja.

"Nami nilicheka," alisema mwishowe.

Akaanza kufungua vifungo vya shati ili nilione bega, kwa mkono mmoja, kwa shida, na mkewe akasogea kumsaidia.